Daftari linasema hela ipo, benki inasema haipo

Shikamoo shangazi,

Ninasimamia jengo la kupangisha Kijitonyama, Dar es Salaam. Ni ghorofa nne, apatimenti 16, kila moja vyumba viwili na sebule. Kabla ya hapo nilikaa mapokezi ya hoteli miaka sita nikidhani nimeshaona kila aina ya mtu. Kumbe bado. Mgeni wa hoteli analala siku mbili anaondoka na hasira zake. Mpangaji anabaki nazo, na asubuhi mnakutana kwenye ngazi.

Kazi nilipewa Novemba mwaka jana na mama mwenye nyumba, mjane wa miaka 68, nesi mstaafu anayeishi Tanga. Yeye na marehemu mama yangu walifanya kazi wodi moja. Sikufanyiwa usaili. Alinikabidhi funguo, daftari, na kadi ya benki ya akaunti ya akiba ya jengo, akasema, "Mama yako nilikuwa namwachia kabati la dawa, haikupungua hata sindano."

Mwanzoni nilijikwaa kila kona. Mwezi wa pili tu, kampuni iliyompangia mfanyakazi wake ghorofa ya pili ilileta kodi pungufu kwa asilimia 10. Nikawapigia simu siku tatu mfululizo nikiwaona matapeli, mpaka mhasibu wao alipokuja kunionyesha kwamba ile ni kodi ya zuio, na wameshaipeleka TRA kwa jina la mama. Wapangaji wengine wakanijia na meseji za LUKU, kodi ya jengo imekatwa kwenye umeme wao, wananiuliza kwa nini wamlipie mwenye nyumba deni lake. Sikujua hata wanazungumzia nini. Mmoja alihama, nikamdai kioo cha dirisha, akaniuliza picha ya siku aliyoingia iko wapi. Haikuwepo. Tangu hapo napiga picha kila ukuta, kila bomba, na namba za mita. Hayo nilijifunza kwa aibu tu. Hili ninalokuandikia ni zito zaidi.

Mbali na kodi, kila mpangaji hutoa 30,000 kwa mwezi kwa ajili ya mlinzi, usafi, taka, umeme wa ngazi na wa pampu. Kinachobaki kinaingia akiba ya matengenezo. Kodi yenyewe huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya mama. Mwisho wa mwezi napiga picha ukurasa wa daftari la akiba namtumia kwa WhatsApp. Taarifa ya benki hajawahi kuniomba.

Ghorofa ya tatu anaishi dada mmoja mwenye watoto watatu, anashona sare za shule. Mumewe ni dereva wa malori ya Lubumbashi, na tangu Februari hajatuma kitu. Mara lori limezuiwa mpakani, mara simu haipatikani. Kodi ni 450,000 kwa mwezi, tunalipana kwa miezi mitatu mitatu. Aprili alitakiwa kuleta 1,350,000. Msimu wa sare ulishapita. Alikuja ofisini kwangu, yaani kile chumba cha mita chini ya ngazi, akafungua pochi, akahesabu noti mezani. Zilikuwa 80,000. Akazihesabu tena, taratibu, kana kwamba zingeongezeka.

Mama nilikuwa nimeshamjua kwa maneno yake: "Mpangaji ukimwonea huruma mwezi wa kwanza, wa pili anakuonea huruma wewe." Kwa hiyo sikumpigia. Nilimwambia dada azirudishe zile hela, awanunulie watoto chakula. Jioni ile akiba ilikuwa na 1,960,000. Nikatoa 1,350,000, nikaziingiza kwenye akaunti ya mama kwa jina la yule dada. Dada nikamwambia, "Nimeongea na mama, amekupa muda, utakuwa unalipa kidogo kidogo kupitia kwangu." Kwenye daftari la akiba sikuandika kitu. Sijala hata senti moja, shangazi. Mpaka leo amenirudishia 300,000, na zote nimezirudisha akiba.

Juni aliniletea gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, kola imedariziwa vizuri sana. Akasema, "Mpelekee mama. Mwambie Mungu amzidishie." Liko kabatini kwangu, ndani ya mfuko wake.

Sasa pampu. Mei, floti ya simtanki la juu iligoma, ikawa pampu ya kisima haizimi yenyewe, tanki likijaa maji yanamwagika tu. Floti mpya na ufundi wake ni 45,000, na hela hiyo ilikuwepo. Lakini masika yalikuwa yameshakula kila kilichobaki cha miezi ile kwenye paa, na mimi kila nikifungua daftari kuandika chochote naona lile shimo, mkono unakuwa mzito. Nikasema nisubiri kidogo. Babu, mlinzi wetu, akawa anazima pampu kwa mkono kila saa nne usiku. Mwezi uliopita Babu alikwenda Singida kumzika kaka yake. Aliyeshika zamu yake sikumwambia. Saa kumi alfajiri mpangaji wa juu akanipigia, maji yanateremka ukutani. Nilipofika kwenye kisanduku cha umeme cha pampu kilikuwa kinanuka waya ulioungua. Tanki limefurika usiku kucha, kisima kimekauka, pampu ikaendelea kuvuta hewa mpaka ikafa.

Pampu mpya, floti na ufundi, vyote 1,500,000. Mama kasema kwenye simu, "Toa kwenye akiba, si ipo milioni moja na laki tisa na sitini?" Akiba ina 910,000. Tena kodi ya dada ya Julai mpaka Septemba haijaingia, kwa hiyo mama anakuja mwisho wa mwezi huu. Anataka kuiona pampu, kusaini daftari, na amesema mlango wa ghorofa ya tatu niuwekee kufuli.

Fundi naye ameniambia mota anaweza kuisuka upya kwa 450,000, halafu ananiandikia risiti ya pampu mpya, 1,500,000. Sikumwambia nina shimo la kiasi gani. Usiku nikapiga hesabu: benki itabaki 460,000, na daftari nalo litasoma 460,000. Ilikaa sawasawa mpaka nikaogopa.

Kikoba chetu kinaweza kunikopesha 1,000,000, nirudishe 1,100,000 ndani ya miezi mitatu. Mshahara wangu ni 600,000. Wapangaji wananunua maji ya mkokoteni, dumu 500, na yule dada namwona akipandisha madumu ngazi tatu na mtoto mgongoni. Nimwambie mama nipoteze kazi, na dada apoteze nyumba? Au nizibe kimya kimya, nisirudie tena maisha yangu yote?

Msimamizi mgeni, Kijitonyama

* * *

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana ina hesabu nyingi kuliko barua za mapenzi ninazozoea. Hesabu zako ni sahihi. Umeniandikia tarakimu zote, pamoja na zinazokuumbua, na mtu aliyezoea kuiba haandiki hivyo. Nasema hili mapema kwa sababu mbele kuna mahali nitakubana kidogo.

Nikikuelewa, una mambo matatu yaliyoshikana kama nywele zisizochanwa. Kuna shimo la 1,050,000 ambalo mama halijui. Kuna pampu iliyoungua, ambayo ndiyo inalifukua hilo shimo. Na kuna dada wa ghorofa ya tatu, ambaye anaishi juu ya ahadi ambayo mama hakuitoa. Wewe unayaona kama swali moja, la kusema au kuziba. Mimi naona kila moja lina mlango wake, na si lazima yote yafunguke siku moja.

Tuanze na dada, maana ndiko ulikoanzia. Unasema ulimsaidia. Kodi ililipwa, watoto wakalala ndani, hilo nalikubali. Lakini tazama yeye anajua nini leo. Anaamini anadaiwa na mama, na kwamba mama ni mwema, amemwongezea muda. Mama anaamini kodi ya Aprili mpaka Juni ililipwa taslimu, na kwamba mpangaji huyu ameanza kusumbua Julai tu. Anayemdai kweli ni ile akiba. Na akiba ni hela ya nani? Katika barua yako yote umeizungumzia kama ya mama. Imetokana na 30,000 za apatimenti 16, ambazo wapangaji wametoa ili maji yapande juu na taa za ngazi ziwake. Yule mpangaji wa ghorofa ya nne aliyekuamsha alfajiri alikuwa mmoja wa waliomkopesha jirani yake, bila kuulizwa. Na dada mwenyewe alijikopesha, maana na yeye anachanga. Sisemi wangekataa. Huenda wangechangishana, watu wa ngazi moja huwa wanashangaza. Ila hakuna aliyepata nafasi ya kusema ndiyo wala hapana.

Kuna kitu kingine ambacho sidhani ulikifikiria, na ungekifikiria vipi, ulikuwa unaziangalia zile noti mezani. Dada angejua Aprili kwamba mama hajui kitu na kwamba hajapewa muda wowote, huenda angefanya jambo gumu mapema: kuhamia chumba kimoja na sebule, kupeleka mtoto mmoja kwa bibi, kumfuata mwajiri wa mumewe aulize lori liko wapi. Labda asingefanya. Lakini uliposema "mama amekupa muda", alitulia. Miezi minne ametulia juu ya kitu kisichokuwepo, na deni la miezi mingine mitatu limeshaanza kupanda juu ya lile la kwanza. Ukimweleza sasa ataumia. Anaweza kukasirika, anaweza hata kuhama usiku kwa aibu, yameshatokea mengi ya namna hiyo hapa mjini, na 1,050,000 zikaondoka naye. Hatari hiyo ni ya kweli. Na hatari ya kutomweleza ni kwamba mwisho wa mwezi atalisikia kwenye ngazi, kutoka kwa mama, mbele ya majirani wenye madumu mkononi.

Sasa mama. Umeniandikia sentensi moja aliyowahi kuisema kuhusu huruma, nawe ukaichukua kama hukumu. Labda ndivyo alivyo. Wenye nyumba wengi wana maneno kama hayo, wameyapata kwa kuumwa. Lakini wewe huyo huyo umeniandikia sentensi nyingine, ya kabati la dawa. Mwanamke aliyekaa wodini miaka yote hiyo ameona watu wasio na hela ya dawa, akajifunza namna ya kusema hapana na namna ya kusema ndiyo. Wewe ulimjibia kabla hujamuuliza. Inawezekana kabisa angekataa. Hapana yake ingekuwa yake, na wewe ungebaki na kazi nyepesi, japo chungu, ya kuipeleka ghorofa ya tatu.

Mimi nimekuwa mpangaji miaka 11, nyumba ya vyumba sita Magomeni yenye LUKU moja, kwa hiyo vita vya pasi na friji navijua kwa majina yake. Msimamizi wetu tulimwona kama kengele ya mwenye nyumba, ikilia tunajificha. Sikuwahi kufikiri kwamba naye usiku hulala akiwa na hasira za pande mbili. Barua yako imenifikirisha. Anayeingia kazi hii akiwa na moyo laini hujaribu kuwa mwema kwa pande zote, na njia ya haraka ni kuuambia kila upande kile unachotaka kusikia. Ukitoka mapokezi ya hoteli ni rahisi zaidi, kule mgeni anaondoka kabla maneno hayajakutana. Kwenye jengo la kupangisha yanakutana.

Njoo kwenye pampu. Hapa nitakubana. Unaiona pampu kama bahati mbaya iliyokuja kukufichua. Soma tena aya yako. Floti ilikuwa 45,000. Hela ilikuwepo. Ulishindwa kuitoa kwa sababu kila mstari mpya kwenye daftari ulikukumbusha ule ambao hukuuandika. Pampu imekufa kwa ajili ya mstari usioandikwa. Sikwambii hivi nikuongezee mzigo. Nakwambia kwa sababu unaniuliza kama unaweza kuziba kimya kimya, na ushahidi wa miezi minne unaonyesha ukimya huo unavyokufanya uendeshe jengo.

Kwa hiyo tuzipitie njia zako na miiba yake.

Ya fundi umeiogopa mwenyewe, na hofu hiyo ni akili. Hesabu imekaa sawasawa kwenye karatasi, lakini ndani ya kisima kuna mota iliyosukwa upya inayoitwa mpya. Ikifa baada ya miezi mitano, mama atasema, "Si ina waranti? Irudisheni dukani." Utairudisha duka gani? Halafu kuna fundi. Leo anakuita dada. Kesho ataleta bili ya bomba la 60,000 aliloliandika 160,000, nawe utasaini, maana anajua ulichosaini jana. Hicho cha juu hakitakuwa na mwisho. Na kisheria umetoka mahali pabaya ukaingia pabaya zaidi. Mtumishi akitumia fedha za mwajiri bila ruhusa, polisi wanaweza kuliita wizi wa mtumishi hata kama hakula senti, na ukiongeza risiti ya uongo, kuna kughushi. Lakini kusuka mota si dhambi. Kama hela ni ndogo, mota inaweza kusukwa na ikaandikwa imesukwa, mama akachagua mwenyewe kati ya 450,000 na 1,500,000. Hilo hata hujamweleza kwamba linawezekana.

Kikoba. 1,100,000 kwa miezi mitatu ni kama 367,000 kwa mwezi. Utabaki na 233,000 za kula, nauli, na kila kitu. Inabana, ingawa watu wameishi kwa chini ya hapo. Shimo lako ni 1,050,000, kwa hiyo 50,000 utazitafuta kwingine. Faida yake ni kwamba maji yanarudi wiki hii, na benki inakuwa na hela ambayo daftari linasema ipo. Udhaifu wake ni kwamba daftari bado litakuwa linasema uongo, tarehe zake hazitaoana na za benki, na siku mama au mtoto wake atakapoomba taarifa ya benki, kutoa kwa Aprili na kurudisha kwa leo kutaonekana wazi. Pia wewe utakuwa mdai wa dada, bila karatasi, huku ukiwa ndiye unayetumwa kumwekea kufuli. Fikiria mazungumzo hayo kwenye mlango wake.

Kikoba kinaweza pia kwenda pamoja na kusema. Mtu anayekuja na habari mbaya na bahasha mkononi husikilizwa tofauti na anayekuja na habari mbaya tupu. Sijui kama kwako ndiyo njia. Kujitwisha deni lote la mwenzako ili uonekane safi, hapo nako kuna kitu cha kujiuliza.

Kusema, basi. Usijidanganye kwamba ukweli utapokewa kwa makofi. Unaweza kupoteza kazi. Mama anaweza kulia, na kilio cha rafiki wa marehemu mama yako kitakuuma kuliko kufukuzwa. Anaweza kukwambia maneno ya mama yako na sindano. Anaweza kutaja polisi siku ya kwanza na kunyamaza siku ya tatu, au asinyamaze. Ukiona inaelekea huko, tafuta mtu wa msaada wa kisheria kabla hujasaini karatasi yoyote. Upande wa pili wa mizani kuna jambo dogo lakini la kweli: kila shilingi ina njia yake. Ilitoka akiba, ikaingia akaunti yake mwenyewe. Taarifa za benki hizo hizo unazoziogopa ndizo zitakazoonyesha hukula. Anayesema kabla hajaulizwa anakuwa na ushahidi, akisema baada ya kuulizwa unakuwa utetezi.

Ukichagua kusema, mahali na saa vina uzito. Mwisho wa mwezi yeye atakuja Kijitonyama, atakuta wapangaji wamekasirika, ngazi zimejaa madumu, na wewe una daftari mkononi. Pale hata malaika angepandisha sauti. Tanga si mbali, basi la asubuhi linakufikisha mchana. Mtu akiwa kwake, ameketi, chai iko mezani, husikia tofauti. Nenda na daftari uliloliandika upya kwa tarehe za kweli, Aprili kutoka, 300,000 kuingia, na lile la zamani ulibebe pia, usilichane. Nenda na taarifa ya benki. Nenda na bei mbili za pampu. Akikwambia ondoka, utakuwa umemwachia jengo ambalo anaweza kulielewa. Wengine wangeanza na simu, au wangemtuma mtu mzima wa familia atangulie. Unamjua wewe, mimi namjua kwa sentensi mbili.

Kuhusu kufuli, usiichukue haraka kama amri ya kijeshi. Hasira ya simu na uamuzi wa mwenye nyumba ni vitu viwili. Sheria ya Ardhi ya 1999 ina sehemu nzima ya upangaji, na mpangaji aliyekwama ana haki ya notisi ya maandishi. Wakishindwana, kuna ofisi ya serikali ya mtaa ya kuanzia, na kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Aliyeshika kufuli ndiye atakayeulizwa, na mshika kufuli ni wewe. Kumweleza mama hivyo kwa adabu ni sehemu ya kazi anayokulipa. Unaweza pia kumpelekea kitu cha kuamua: kwamba dada aandikishiane naye atalipa kiasi gani na lini, au apewe muda wa kuhama bila fujo, au mashine yake ya kushonea ifanye kazi nyingine. Mapazia ya apatimenti zilizo wazi, kama zipo, yanashonwa na nani? Nawaza tu.

Floti, tafadhali, inunue leo. 45,000 ipo. Iandike.

Halafu hilo gauni. Limenikaa kichwani kuliko milioni zako. Limeshonwa na mtu asiye na kodi, kwa ajili ya mtu asiyejua ameshukuriwa, na wewe kila ukifungua kabati kuchukua nguo ya kazi unaligusa. Ukimweleza dada ukweli, muulize kama bado anataka liende. Huenda atalichukua alirudishe, ni haki yake, kitenge ni hela. Akisema liende, na wewe ukaamua kupanda basi la Tanga, liweke juu kabisa kwenye begi, juu ya daftari. Mama akiuliza hilo gauni ni la nani, utakuwa umeshapata pa kuanzia.